Lazima Darasani, Hiari Kwenye Cheti: Kiswahili katika Mfumo Mpya wa Mtihani wa UCE nchini Uganda

Utangulizi

Mwezi wa Februari 2025 matokeo ya kwanza ya mtihani wa UCE chini ya mtaala mpya yalitangazwa nchini Uganda. Kwa miaka mingi mzazi wa Uganda alijua namna ya kuyasoma matokeo ya mwanawe. Aliuliza mambo mawili tu: amepata jumla ya ngapi, na yuko daraja la ngapi? Safari hii hapakuwa na jumla wala daraja. Palikuwa na herufi, somo baada ya somo, na juu yake maelezo mafupi kwamba mtahiniwa amepata Matokeo 1, yaani amestahili kupewa cheti. Wazazi walibaki wakiulizana: je, huyu mtoto amefanya vizuri au amefanya vibaya?

Swali hilo la wazazi ni la haki, lakini mimi ninaliona kuwa ni la pili. La kwanza ni hili: cheti hiki kipya kinasema nini, na kinanyamaza kuhusu nini? Katika makala haya ninahakiki mfumo mpya wa kutoa gredi nchini Uganda nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili na mwalimu mtarajiwa. Hoja yangu ni kwamba kuacha namba na kuchukua herufi si kosa, na kuna mema yake. Kasoro iko mahali pengine. Mtaala umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari, lakini mfumo wa upimaji hauna mahali popote pa kuonyesha kwamba mwanafunzi alikisoma miaka hiyo miwili. Kwa shule zetu, kisichoonekana kwenye cheti ni kama hakikufundishwa, na mara nyingi kweli hakifundishwi.

Tulikotoka

Ili kuutendea haki mfumo mpya ni vyema kukumbuka ule wa zamani. Baada ya uhuru nchi zetu tatu zilitoka mikononi mwa Cambridge na kuanzisha Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, Kenya ikajitoa mwaka 1980, na Uganda ikabaki na baraza lake yenyewe, UNEB, lililowekwa kisheria mwaka 1983. Namna ya kutoa gredi tuliyorithi ilikuwa hii: kila somo lilipewa moja kati ya gredi tisa, kuanzia D1 hadi F9. D1 na D2 zilikuwa za juu kabisa, C3 hadi C6 za kati, P7 na P8 za kupita kwa shida, na F9 ilikuwa kufeli. Masomo manane yaliyofanywa vizuri zaidi yalijumlishwa. Aliyepata D1 katika yote manane alikuwa na jumla ya 8, na hakuna aliyeweza kumpita. Kuanzia 8 hadi 32, kukiwa na masharti mengine machache, mtahiniwa aliwekwa daraja la kwanza. Mwenye 33 alishuka daraja la pili.

Ubaya wa mfumo huo unajulikana. Kati ya mwenye 32 na mwenye 33 hapakuwa na tofauti ya elimu. Palikuwa na tofauti ya pointi moja, ambayo ingeweza kutokana na swali moja la Jiografia. Hata hivyo pointi hiyo iliamua nani aitwe mwerevu na nani asiitwe hivyo, nani apokewe katika shule nzuri ya Kidato cha Tano na nani azungushwe. Ulikuwa mfumo uliomgeuza mtoto kuwa namba, na shule nyingi zikageuka viwanda vya kutengeneza namba hizo. Wanafunzi walikariri majibu ya miaka iliyopita, wakaandika, wakasahau.

Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo watetezi wa mtaala mpya hawalitaji, na ambalo sisi wa Kiswahili tunapaswa kulitaja. Katika hesabu ya masomo manane, pointi ya somo moja ilikuwa sawa na pointi ya somo jingine. D1 ya Kiswahili ilipunguza jumla sawasawa na D1 ya Fizikia. Hata katika kuomba nafasi za vyuo vikuu vya umma, D1 au D2 ya UCE katika somo lolote ilihesabiwa 0.3. Kwa hiyo mwanafunzi aliyejua Kiswahili, kwa mfano aliyekulia mpakani Busia au Malaba, au aliyezaliwa katika familia ya wanajeshi, alikuwa na sababu ya kukichagua hata kama hakuna aliyemhimiza. Kiswahili kilimsaidia kushusha jumla. Sababu hiyo haikuwa ya kizalendo wala ya kitaaluma, lakini ilijaza viti darasani.

Mfumo mpya na mema yake

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza na Kidato cha Kwanza mwezi wa Februari 2020. Wiki chache baadaye, Machi 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kundi la kwanza la mtaala huu, basi, lilikuwa kundi ambalo halikupata hata muhula mmoja kamili kabla ya kurudishwa nyumbani. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya wahakiki wanautupia mtaala lawama ambazo ni za janga.

Mtaala wenyewe unasisitiza umilisi: kwamba mwanafunzi aonyeshe anachoweza kukifanya kwa maarifa aliyonayo, asikariri tu. Mtihani wa mwisho unachukua asilimia 80 ya alama, na asilimia 20 inatokana na tathmini endelevu inayofanywa na mwalimu shuleni. Mwanafunzi hufanya pia kazi ya mradi. Swali la mtihani humweka mtahiniwa katika hali fulani ya maisha na kumtaka aitatue. Gredi ni tano: A ni umahiri wa kipekee, B ni bora sana, C ni wa kuridhisha, D ni wa msingi, E ni wa awali. Hakuna F. Hakuna jumla. Hakuna madaraja.

Mimi nakubali kwamba haya ni maendeleo. Kumwambia mtoto wa miaka kumi na saba kwamba umahiri wake katika Kemia ni wa awali, lakini katika Historia ni bora sana, ni kumwambia jambo la maana kuliko kumwambia kwamba yeye ni 41. Herufi zinamwelekeza kwenye anachokiweza. Namba ilimpima na kumwacha hapohapo.

Kasoro ya kwanza: mzigo umehamishwa, haukutuliwa

Katika matokeo hayo ya kwanza, zaidi ya asilimia 98 ya watahiniwa walistahili kupewa cheti. Tusiharakishe kushangilia wala kubeza. Tuangalie kwanza masharti. Ili kupata Matokeo 1, mtahiniwa aliyetimiza mambo mengine, pamoja na tathmini endelevu, anahitaji gredi ya D au zaidi katika angalau somo moja. Tuchukue wanafunzi wawili wa kubuni. Wa kwanza ana A katika masomo yote tisa. Wa pili ana D moja na E nane. Wote wawili wana Matokeo 1.

Hili lina maana gani? Lina maana kwamba baraza limekataa kuwapanga watahiniwa kwa mstari mmoja. Lakini shule ya Kidato cha Tano yenye vitanda mia mbili na maombi elfu moja haiwezi kukataa. Lazima ipange. Kama baraza halikuipa namba, itajitengenezea yake: itahesabu A, kisha B, au itatazama Hisabati na Kiingereza kwanza. Upangaji uliokuwa ukifanywa hadharani, kwa kanuni moja iliyojulikana na kila mzazi, sasa unaweza kufanywa ofisini, kwa kanuni ya kila mkuu wa shule. Namba ile tuliichukia, lakini angalau tuliiona.

Na hapa ndipo Kiswahili kinapopoteza. Palipokuwa na jumla, A ya Kiswahili (tukiiita hivyo) ilikuwa na thamani hata machoni pa asiyependa Kiswahili, maana ilikuwa ndani ya hesabu. Pasipo jumla, thamani yake inategemea kama msomaji wa cheti anakijali Kiswahili. Nani hapa kwetu hajui kwamba wengi hawakijali? Bado wapo wanaokiita lugha ya wanajeshi na wezi, kumbukumbu ya miaka ambayo bunduki ilizungumza Kiswahili barabarani. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikukiletea marafiki. Lugha yenye historia hiyo haiwezi kuachiwa hisani ya msomaji wa cheti.

Kasoro ya pili: miaka miwili isiyoandikwa popote

Kwa mujibu wa mtaala, Kiswahili ni somo la lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kuanzia Kidato cha Tatu masomo saba ni ya lazima: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia, na Historia pamoja na Elimu ya Siasa. Mwanafunzi hufanya masomo manane au tisa. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ya somo moja au mawili, na katika nafasi hiyo Kiswahili kinashindana na Dini, Ujasiriamali, Kilimo, Kompyuta, Sanaa, Fasihi ya Kiingereza, Kifaransa na lugha zetu za nyumbani. Ni mlango mwembamba, na foleni ni ndefu.

Alama za tathmini endelevu zinazopelekwa UNEB ni za Kidato cha Tatu na cha Nne. Tuunganishe mambo haya mawili. Mwanafunzi anasoma Kiswahili kwa lazima miaka miwili. Mwisho wa Kidato cha Pili anakiacha. Katika cheti chake hakuna neno la Kiswahili, wala katika asilimia 20, wala katika asilimia 80. Serikali imemlazimisha kusoma kitu ambacho haina nia ya kumuuliza.

Matokeo yake nimeyaona. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ambayo sitaitaja, ratiba iliyobandikwa ukutani ilionyesha vipindi vya Kiswahili vya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mwalimu wa Kiswahili hakuwepo. Vipindi hivyo vilikuwa vya Hisabati. Nilipomuuliza mwalimu wa taaluma, hakuona aibu. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nitaulizwa Hisabati. Kiswahili nani ataniuliza?" Sikuwa na jibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekisoma cheti kuliko alivyousoma mtaala, na cheti kilikuwa kimemwambia ukweli.

Kasoro ya tatu: asilimia 20 ya nani?

Katika shule hiyohiyo nilimwona mwalimu wa somo jingine, mwenye wanafunzi zaidi ya mia moja, akiambiwa mchana kwamba alama za tathmini endelevu zinatakiwa kesho yake asubuhi. Alikaa katika chumba cha walimu na daftari la alama na kalamu mbili, ya buluu na nyeusi, ili ionekane kwamba aliandika siku tofauti. Kipimo kinaishia tatu. Akaenda akishuka orodha ya majina: 2.1, 2.3, 1.9, 2.4. Majina mengine alisita kidogo, kisha akaandika. Aliponiona namtazama alicheka. "Ngoja uajiriwe, mwalimu, ndipo utaniuliza."

Simlaumu peke yake. Shughuli moja ya kuunganisha maarifa kwa kila mada, kwa wanafunzi mia moja na kitu, kwa kila mmoja kutazamwa na kupewa maoni, ni kazi ya walimu watatu. Lakini lazima tuseme wazi: alama ya namna hiyo haipimi umilisi wowote. Shule yenye walimu wengi na madarasa madogo itatoa alama za kweli, labda za chini. Shule yenye shida itatoa alama za kubuni, labda za juu. Sehemu iliyotakiwa kumwokoa mwanafunzi kutoka kwenye mtihani wa siku moja inakuwa sehemu isiyoaminika kuliko mtihani wenyewe.

Kwa somo la lugha hasara ni kubwa zaidi. Umilisi wa lugha uko mdomoni na masikioni kabla ya kuwa kwenye karatasi. Tathmini endelevu ndiyo ingekuwa mahali pa kumsikiliza mwanafunzi akijieleza, akibishana, akisimulia. Ikigeuka kuwa safu ya namba zilizojazwa usiku mmoja, Kiswahili kinarudi kuwa ngeli na upatanisho kwenye karatasi, na mwanafunzi anayemaliza na A anashindwa kuagiza chai Mombasa.

Majirani wanatufundisha nini

Kenya ilikuwa na Kiswahili cha hiari hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na kukifanya somo la lazima na la kutahiniwa. Baada ya hapo vitabu vilichapishwa, walimu walihitajika, na idara za Kiswahili vyuoni zikajaa. Wakenya hawakuamka siku moja wakiipenda lugha. Iliingia kwenye mtihani, na mapenzi mengine yakafuata. Mwaka 2023 Kenya ilipobadilisha namna ya kukokotoa gredi ya jumla ya KCSE, ikataka Hisabati, lugha moja tu (Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara) na masomo mengine matano yaliyofanywa vizuri zaidi. Somo bado lilikuwa la lazima, ila uzito wake katika gredi ya jumla ulibadilika kwa kanuni moja ya hesabu.

Tanzania nayo inatufundisha jambo jingine. Mwaka 2014 iliacha divisheni ikatumia wastani wa pointi, yaani GPA. Mwanzoni mwa 2016 ikarudi kwenye divisheni. Majina yalikwenda na kurudi, lakini uhaba wa walimu na vitabu haukuondolewa na jina lolote kati ya hayo. Gredi ni kioo. Kubadilisha kioo hakumnenepeshi anayejitazama.

Pingamizi mbili

Msomaji anaweza kuniuliza: si ninyi mnaolalamika kwamba shule zetu zinaabudu mitihani? Mbona sasa unataka Kiswahili kiingizwe humo humo? Pingamizi hili ni zito. Jibu langu ni kwamba mimi sikuijenga ibada hiyo, naikuta. Kama masomo mengine yote yangetoka kwenye cheti, ningekubali Kiswahili kitoke. Lakini kukitoa kimoja na kuviacha vingine, halafu kusema tunapinga ibada ya mitihani, ni kumwambia maskini peke yake kwamba fedha si kitu.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi. Shule nyingi, hasa za vijijini, hazina mwalimu wa Kiswahili. Kikifanywa mtihani wa lazima mwakani, watoto wa Karamoja na Kigezi wataadhibiwa kwa kosa la serikali. Hili nalikubali kabisa, na ndiyo maana sipendekezi mtihani wa lazima wa Kidato cha Nne kwa sasa. Mwanzoni mwa Julai 2022, siku chache kabla ya kuadhimishwa kwa Siku ya Kiswahili Duniani, Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Azimio ni zuri. Lakini azimio lisilotanguliwa na mwalimu huishia kuzaa watoto waliofeli.

Ninachopendekeza ni kidogo, na kinawezekana. Kwanza, cheti cha UCE kiwe na mstari mmoja unaoonyesha kiwango alichofikia mwanafunzi katika Kiswahili mwisho wa Kidato cha Pili, hata kama alikiacha. Shule isiyokifundisha iache mstari huo wazi, na uwazi huo uonekane. Utakuwa aibu ya shule na ya wizara, na hautamwondolea mtoto chochote. Pili, katika masomo ya lugha, sehemu ya asilimia 20 iwe mazungumzo ya ana kwa ana, yanayosikilizwa na mwalimu kutoka shule jirani. Tatu, kanuni za kuchagua wanafunzi wa Kidato cha Tano zitangazwe kabla ya mtihani, ili mwenye A ya Kiswahili ajue mapema kama ana kitu mkononi au ana karatasi.

Hitimisho

Nimesema kwamba mfumo mpya wa UCE ni bora kuliko ule wa zamani katika lugha yake na katika nia yake. Nimeonyesha pia kwamba upangaji wa wanafunzi haukukoma, umehamia mahali pasipoonekana, kwamba tathmini endelevu haina anayeilinda, na kwamba Kiswahili kimewekwa mahali pa ajabu: lazima darasani, hiari kwenye cheti.

Kwa wenzangu tunaosomea ualimu wa Kiswahili, haya si mambo ya nadharia. Mwaka mmoja au miwili ijayo tutapeleka barua zetu za maombi shuleni, na mkuu wa shule atatuuliza lile swali ambalo mwalimu wa taaluma aliniuliza mimi: Kiswahili nani ataniuliza? Siku atakayokuwa na jibu, tutakuwa na kazi, na watoto watakuwa na lugha. Hadi siku hiyo vipindi vyetu vitaendelea kubandikwa ukutani, na Hisabati itaendelea kufundishwa ndani yake.